Spanieli mdogo nyumbani: chagua moyo kabla ya manyoya

Ukikutana na Cavalier, mbwa mdogo wa jamii ya spanieli, kwa mara ya kwanza, macho ndiyo yanayokunasa. Ni makubwa, meusi, ya mviringo, na yanakutazama kana kwamba amekungoja wewe tangu asubuhi. Masikio yamelala mashavuni, mkia hautulii, na mtoto wako keshaketi chini ampakate. Familia nyingi huamua papo hapo, na ni papo hapo ninapowaomba msubiri kidogo. Aina hii ya mbwa ina maradhi yake ya moyo, na maradhi hayo hayaonekani kwa macho. Spanieli wangu wa kwanza nilimchukua kwa sababu ya uso wake tu. Alikuwa na miaka minne daktari aliposhusha kile kifaa cha kusikilizia, akanyamaza, akakirudisha tena kifuani. Tangu siku ile sijamshauri mtu yeyote achague spanieli kabla hajauliza habari za moyo wa wazazi wake.

Mwongozo huu unamhusu zaidi Cavalier King Charles Spaniel. Mengi ya malezi yatakufaa hata ukiwa na spanieli mdogo wa aina nyingine.

Kaeni kikao kwanza

Kaeni nyumba nzima, watoto wakiwemo, mjibu maswali matatu.

Nani yuko nyumbani mchana? Spanieli wa mapajani ametunzwa kwa vizazi vingi awe ubavuni mwa mtu. Akiachwa peke yake kutwa nzima hulia, hutafuna milango, hujilamba miguu mpaka ikatoka vidonda. Huo si ukorofi, ni mateso. Mbwa mzima aliyefundishwa anaweza kuvumilia saa tatu au nne. Mtoto wa mbwa hawezi hata hizo. Kama nyumba yenu hufungwa asubuhi na kufunguliwa jioni, na hakuna ndugu wala jirani wa kupita kumwangalia, ngojeni mpaka hali ibadilike.

Nani atashika kitana? Hapa nataka jina la mtu mzima mmoja. Kabla mbwa hajafika, watoto huahidi kila kitu, na huahidi kwa moyo safi, lakini masikio ya spanieli hayasubiri mitihani iishe.

La tatu ni fedha. Chakula si mzigo mkubwa kwa mbwa wa kilo saba. Mzigo ni daktari: chanjo, meno, masikio, na huenda dawa za moyo kila siku kwa miaka kadhaa uzeeni. Penye bima ya wanyama, ikate angali mdogo na mzima, kwa kuwa kwa kawaida bima hailipii ugonjwa uliogunduliwa kabla ya kujiunga.

Spanieli yupi?

Cavalier ana uzito wa kilo 5.5 hadi 8 hivi, na begani hufika sentimita 30 hadi 33. Rangi zake ni nne: Blenheim, yaani kahawia iliyokolea juu ya nyeupe; rangi tatu, yaani nyeusi, nyeupe na hudhurungi kwa pamoja; ruby, ambayo ni nyekundu ya kahawia mwili mzima; na nyeusi yenye alama za hudhurungi. Tabia haifuati rangi. Ni mpole kwa wageni, hivyo usimtegemee kwa ulinzi, na bado ana damu ya mbwa wa mawindo: ndege akiruka mbele yake husahau jina lake na barabara pia.

King Charles Spaniel, mwenye jina linalokaribia kufanana, ni mbwa mwingine. Ni mdogo zaidi na uso wake ni bapa, kwa hiyo hukoroma na huhangaika na joto. Kwa familia inayopenda matembezi simpendekezi. American Cocker Spaniel ni mzito zaidi, kilo 9 hadi 14, na manyoya yake yanahitaji kupunguzwa kila baada ya wiki chache. English Cocker Spaniel ni mkubwa kidogo kuliko huyo, na ana nguvu za kutwa; mpe familia inayokimbia. Papillon, ambaye naye ni wa ukoo wa spanieli, ni mwerevu mno, lakini mifupa yake ni myembamba na kuruka kutoka mikononi mwa mtoto kunaweza kumvunja mguu.

Ule moyo

Spanieli wadogo walipendwa katika majumba ya kifalme Uingereza, na jina la King Charles linatokana na Mfalme Charles II, aliyetawala kuanzia 1660 hadi 1685. Katika karne ya 19 wafugaji walianza kupendelea nyuso fupi, na yule mbwa wa zamani mwenye pua ndefu akakaribia kutoweka. Mwaka 1926 Mmarekani Roswell Eldridge alitangaza zawadi ya pauni 25 kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts kwa atakayeleta spanieli wa umbo la kale. Klabu ya Cavalier ikaundwa 1928, na Kennel Club, chama cha mbwa cha Uingereza, ikamtambua kama aina inayojitegemea mwaka 1945.

Naieleza historia hii kwa sababu ndiyo chanzo cha shida. Aina nzima ilijengwa upya kutoka kwa kundi dogo la mbwa, na pamoja na uso mzuri likarithishwa tatizo la vali ya moyo, ile iliyoko kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto. Vali hunenepa, haifungi sawasawa, damu hurudi nyuma, na daktari husikia mvumo kati ya mapigo. Mbwa wa aina nyingine ndogo hupata hali hii wakizeeka. Cavalier huipata mapema: wanapofika miaka 5 karibu nusu yao huwa na mvumo huo, na wakifika 10 ni karibu wote. Wengine huishi nao miaka mingi bila kuugua, wengine hudhoofika haraka.

La pili ni fuvu. Nyuma ya kichwa cha Cavalier wengi, fuvu ni dogo kwa ubongo uliomo. Maji ya uti wa mgongo hayapiti vizuri, na ndani ya uti hujijenga vishimo vya maji. Hali hiyo huitwa siringomielia. Dalili yake ikishaeleweka haisahauliki: mbwa anatembea na kamba, ghafla anasimama na kukuna hewa karibu na shingo, mguu hata haugusi ngozi. Wengine hupiga kelele wakiinuliwa.

Mambo haya yalifika mahakamani. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Norway iliamua kwamba kuzalisha Cavalier jinsi ilivyokuwa ikifanywa kunakiuka sheria ya nchi hiyo ya ustawi wa wanyama. Ukimwona mfugaji anakwambia hizi ni hofu za watu wa mitandaoni, shika njia yako.

Kumhoji mfugaji

Usinunue mbuzi kwenye gunia. Nenda mahali watoto wa mbwa walipozaliwa, uwaone wakiwa na mama yao. Mtu anayetaka mkutane njiani, au anayekuletea mlangoni mtoto wa mbwa ambaye hujamwona mama yake, ana jambo analoficha.

Kisha uliza haya, na uombe karatasi:

1. Mama na baba wana umri gani, na mioyo yao ilipimwa lini na nani? Kanuni inayofuatwa na wafugaji makini ni kwamba mbwa asizae kabla ya miaka miwili na nusu, awe mwenye moyo usio na mvumo, na wazazi wake wawe walifika miaka 5 bila mvumo. Kwa hiyo uliza pia habari za babu na bibi. Hili ndilo swali kubwa kuliko yote.

2. Wazazi walipigwa picha ya MRI ya kichwa na shingo? Ni kipimo ghali na si kila mfugaji anacho, ila aliyekifanya ataonyesha matokeo bila kusita.

3. Walipimwa DNA kwa magonjwa mawili: lile la macho makavu na manyoya ya kipilipili, na lile la kuanguka ghafla, ambapo mbwa hukakamaa na kuanguka baada ya mchezo au msisimko? Kwa yote mawili mtoto huugua pale tu anaporithi kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili. Hivyo, mzazi mmoja akithibitishwa kuwa safi, hakuna mtoto atakayeugua.

4. Macho na magoti ya nyuma yalikaguliwa?

Mfugaji mwema naye atakuhoji. Atataka kujua unaishi na nani na nani yupo mchana. Usikasirike.

Kuna njia ambayo watu wengi huipita bila kuitazama: kumchukua mbwa mzima aliyekosa nyumba. Spanieli wa miaka sita ambaye moyo wake umesikilizwa wiki iliyopita na hauna mvumo amekwisha kukujibu swali ambalo mtoto wa wiki nane hawezi kulijibu. Tena ameshajua kujisaidia nje.

Kumtazama mtoto wa mbwa mwenyewe

Asiondoke kwa mama kabla ya wiki 8. Keti sakafuni uwaache waje. Usimchague yule aliyejificha pembeni kwa kumwonea huruma, wala yule anayewakanyaga wenzake wote. Mchukue anayekuja, anakunusa, anakwenda kucheza, kisha anarudi. Macho yasiwe na tongotongo, pua isiwe na kamasi, masikio yasinuke, tumbo lisiwe limevimba na kukaza kama ngoma, maana hiyo huwa minyoo. Mshike kwa mikono miwili, mmoja kifuani na mwingine chini ya makalio, umsikilize anavyopumua.

Ndani ya siku chache mpeleke kwa daktari wa mifugo wako mwenyewe, hata kama ana cheti. Moyo usio na mvumo utotoni hauahidi uzeeni, lakini mvumo mkubwa utotoni ni habari unayopaswa kuijua mapema.

Wiki ya kwanza

Usiku wa kwanza atalia. Ametoka kulala katika rundo la ndugu zake, leo yuko peke yake. Weka kizimba au kikapu chake kando ya kitanda chako, ushushe mkono mpaka aunuse. Sikubaliani kabisa na ushauri wa kumwacha alie mpaka achoke. Baada ya siku kadhaa unaweza kukisogeza kikapu kidogo kidogo hadi mahali unapotaka alale.

Kumfundisha kujisaidia nje ni kazi ya saa, si ya fimbo. Mtoe kila anapoamka, kila anapomaliza kula, kila anapomaliza kucheza, na katikati ya hapo kila baada ya saa mbili. Nenda naye mahali palepale, simama kimya, na akimaliza tu msifu na umpe kipande cha chakula palepale nje. Ukingoja mpaka mrudi ndani atadhani anasifiwa kwa kuingia. Akijisaidia ndani, safisha kwa dawa inayoua harufu. Epuka dawa zenye amonia, zinanukia kama mkojo na zitamrudisha pale pale. Kumsugua pua kwenye uchafu humfundisha jambo moja tu, kukuogopa. Spanieli ni mwepisi wa kuvunjika moyo, na sauti kali humfunga akili.

Chanjo huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka wiki ya 16 hivi, na ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa muda ambao daktari atakupangia. Kabla hazijakamilika usimweke chini mahali wanapopita mbwa usiowajua. Lakini usimfungie pia: kati ya wiki ya 3 na ya 14 ndipo akili ya mbwa hujifunza kwamba dunia ni salama. Mbebe mikononi aone magari, pikipiki, wazee wenye mkongojo, watu wenye kofia, asikie radi na watoto wakicheza.

Na watoto wa nyumbani? Wafundisheni kabla mbwa hajafika. Mtoto mdogo amshike akiwa ameketi sakafuni tu, asimwinue kwa miguu ya mbele, asimsogelee anapokula, asimguse akiwa amelala. Anyooshe kiganja kilichofunguliwa, chini ya kidevu cha mbwa, angoje. Mbwa akisogea, ampapase kifuani. Akigeuza uso, akajilamba midomo au akapiga miayo bila usingizi, amesema hapana, na hapana yake iheshimiwe. Cavalier ni mvumilivu kiasi kwamba watu husahau kuwa anavumilia.

Masikio, manyoya, kucha, meno

Chana mara tatu kwa wiki kwa uchache. Manyoya ya mgongoni hayana taabu. Taabu iko nyuma ya masikio, kwapani, na kwenye yale mashungi marefu ya miguu, ambako nywele laini husokotana zikawa fundo gumu kama kipande cha zulia. Ukilipata, usivute. Shika shina la nywele karibu na ngozi kwa vidole viwili ili ngozi isivutike, kisha lifumue kwa ncha za vidole kuanzia nje kuelekea ndani, nywele chache chache. Halafu ndipo upitishe kitana. Fundo likikataa, ingiza kitana kati yake na ngozi, na mkasi upite juu ya kitana. Ngozi ya sikio la spanieli ni nyembamba mno, na nimeona sikio lililochanwa na mkasi wa mtu aliyekuwa na haraka. Katikati ya vidole vya miguu punguza nywele pia; huko hujificha kupe, matope na miiba.

Sikio linaloning'inia hufunika tundu lake, hewa haiingii, unyevu unabaki. Lifunue kila wiki ulinuse. Sikio zima halina harufu ya kutajika. Likinuka kama hamira, likiwa jekundu, au mbwa akitikisa kichwa na kukisugua sakafuni, nenda kwa daktari. Kusafisha, tumia dawa ya masikio ya mbwa: tia, kanda chini ya sikio kwa nusu dakika, mwache atikise kichwa, ufute kwa pamba unapoona tu. Vijiti vya pamba visiingie kamwe. Cavalier pia hupata ute mzito nyuma ya ngoma ya sikio, ambao hausafishiki kwa nje. Akianza kukusikia kwa shida au kulia anapoguswa kichwa, mtajie daktari hilo.

Kucha zikate kidogo kidogo kila wiki tatu au nne, usifike kwenye ile sehemu ya ndani yenye damu. Meno yapigwe mswaki kila siku kwa dawa ya meno ya mbwa, kwa sababu ile ya watu inaweza kuwa na zailitoli, sukari mbadala iliyo sumu kwake. Kuoga, mara moja kwa wiki nne hadi sita kunatosha.

Chakula na mwendo

Cavalier atakuomba chakula kwa macho yale yale yaliyokufanya umchukue. Usishindwe. Kilo moja ya ziada kwa mbwa wa kilo 7 ni kama kilo 10 kwa mtu wa kilo 70, na moyo wenye vali mbovu ndio unaoibeba. Mtoto wa mbwa ale mara nne kwa siku mpaka miezi mitatu au minne, mara tatu mpaka miezi sita, kisha mara mbili. Pima kwa mizani, si kwa kukadiria. Vitafunio vya kumsifia visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Kujua kama amenenepa, pitisha viganja ubavuni: mbavu uzihisi bila kubonyeza, wala zisionekane kwa mbali.

Chokoleti, zabibu mbichi au kavu, vitunguu vya aina zote na dawa za maumivu za watu, zote ni hatari kwake. Waambieni na wageni.

Mbwa mzima anahitaji karibu saa moja ya mwendo kwa siku, igawanywe mara mbili. Mfunge mkanda wa kifuani badala ya kola, shingo yake haifai kuvutwa. Jua likiwaka, weka mgongo wa mkono wako barabarani kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake pia hazitavumilia. Toka naye alfajiri au jioni.

Kuhesabu pumzi

Kila mwaka daktari asikilize moyo wake. Akisikia mvumo, usikate tamaa: omba picha ya moyo ya mawimbi ya sauti ijulikane kama moyo umepanuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mbwa wenye moyo uliopanuka kwa tatizo hili, wakipewa dawa ya moyo iitwayo pimobendani kabla hawajaanza kuugua, huchelewa kufikia hatua ya moyo kushindwa kwa wastani wa miezi 15 hivi. Kwa mbwa, miezi 15 ni sehemu kubwa ya maisha. Akipimwa damu na chembe za kugandisha damu zikaonekana chache, mkumbushe daktari kwamba Cavalier wengi wenye afya wako hivyo, chembe zao ni chache lakini ni kubwa.

Nyumbani kazi yako ni hii. Akiwa amelala fofofo, si akihema baada ya mchezo, keti karibu naye utazame ubavu. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Mbwa mzima wa afya hupumua chini ya mara 30 kwa dakika akiwa usingizini, na wengi huwa chini zaidi ya hapo. Anza kuhesabu angali kijana, mara moja kwa mwezi, uandike kwenye daftari ili ujue idadi yake mwenyewe. Akishapatikana na mvumo, hesabu kila wiki. Moyo ukipanuka, kila siku. Idadi ikivuka 30, ngoja nusu saa uhesabu tena. Ikibaki juu, mpigie daktari siku hiyohiyo, hata kama mbwa anakula na anatikisa mkia. Akipumua kwa taabu, akikataa kulala kwa ubavu, au ulimi ukigeuka kijivu au buluu, usipige simu kwanza, mchukue uende. Lichukue na lile daftari.